Lambalamba Kumi na Mbili

Gaopo, 12 Juni 1999

Kaka Zhengguang,

Najua utashika barua hii na kusema, "Huyu Yuelian bado yuko hai?" Niko hai, na meno yangu yote ninayo ila mawili. Natumaini kifua chako kimepata nafuu huko mjini, na mwanao Huizhen bado anakuvumilia.

Sasa sikia habari. Zahanati yetu imepata friji! Umeme tunao miaka mingi, lakini friji ya chanjo ndiyo kwanza imefika. Wanaume wanane wameibeba kutoka darajani kwa mizega, wakipokezana, wakiimba kama wanamleta bibi harusi. Bibi mmoja alitoka na fataki akazilipua mlangoni. Tangu siku hiyo sipumui. Huyu anataka kuweka bia, yule anataka kuweka samaki wake. Jana nimekuta bakuli la mchuzi mchachu limeketi juu ya chanjo ya surua kama mwenye nyumba. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Jioni niliitoa ile chupa yetu ya chai, ya mdomo mpana, yenye ua jekundu ubavuni. Nimeipangusa, nikakaa nayo mapajani kama mtu aliyerukwa na akili. Unakumbuka? Kabla yake tulichanja wakati wa baridi tu, theluji ndiyo ilikuwa friji yetu, na nilikuwa nafika kwa watu na mikono imekufa ganzi. Halafu chupa ikaja, na wewe na baiskeli yako, unatoka kiwanda cha lambalamba wilayani, umezijaza humo ziipoze dawa, mpaka darajani, na mimi napandisha mlima kwa miguu. Madaktari wengine walikuwa na vipimajoto. Mimi nilikuwa na kidole. Nakitumbukiza katikati ya lambalamba, nahesabu. Nikishindwa kufika kumi, baridi ipo, twende. Nikifika ishirini sijakitoa, basi ujue mambo yameharibika.

Mwezi wa tisa nastaafu. Anayechukua nafasi yangu ni Long Shengbao, yule mtoto wa mama Long wa kisimani, mwenye mguu mbovu. Amemaliza chuo cha afya. Ni kijana mpole, ana mwandiko mzuri kuliko wangu na wako tukiujumlisha.

Nina swali moja tu. Ile safari ya kiangazi ya mwaka 78, ya vidonge vitamu vya chanjo ya polio, uliniwekea lambalamba ngapi kwenye chupa?

Wako,
Pan Yuelian


Mjini, 30 Juni 1999

Dada Yuelian,

Huizhen alinisomea bahasha tu, nikaipora. Nimejifungia chooni kuisoma, ndiko mahali pekee humu ndani mtu haulizwi kitu. Tunakaa ghorofa ya saba. Nikitaka kukanyaga udongo nashuka ngazi mia moja na ishirini na sita, na nikishafika chini sina tena pumzi ya kuukanyaga.

Friji Gaopo! Ningelipa chochote kuwaona hao wanane. Mwambie Shengbao aweke kufuli. Watu wa Gaopo nawajua, wataweka hata viatu.

Umenifanya nicheke peke yangu na ile habari ya kidole. Nakuona pale darajani, umevua kofia ya majani, umekunja uso, unahesabu kwa sauti mpaka sita, halafu unaruka na kunyonya kidole. Ulikuwa unapenda kunyonya kidole, usikatae. Lambalamba zilikuwa za dengu za kijani, tamu. Hapa mjini wanauza lambalamba za rangi kumi, hakuna hata moja yenye ladha ile. Nimezijaribu zote, Huizhen ananiona nimerudi utotoni.

Kuhusu hesabu unayouliza, mtu wa miaka sitini na nne atakumbukaje? Labda ishirini. Zilikuwa nyingi, chupa ilijaa. Kwa nini unauliza? Yaliyopita tuyaache yapumzike, Dada. Niandikie habari za mpunga, na kama yule mbwa wako mwizi alikufa kwa uzee au alipigwa.

Kifua hakijambo. Kikohozi kidogo tu cha vumbi.

Shi Zhengguang


Gaopo, 18 Julai 1999

Kaka,

Mbwa alikufa kwa uzee, akiwa ameiba mpaka siku ya mwisho. Mpunga ni mzuri. Sasa nitakuambia kwa nini nauliza, na naomba usinikatize kwa utani.

Siku ile nilifika kisimani, chini ya Gaopo, jua likiwa utosini. Watoto waliponiona wakakimbia. Mimi kwao nilikuwa mama sindano, wa wakati wa baridi. Nikaita, "Leo hakuna sindano, leo ni peremende!" Nani aniamini? Walikuwa wamejificha nyuma ya rundo la kuni, naona vidole vya miguu tu. Nikafungua chupa, nikatoa lambalamba moja, nikaiinua juu.

Wa kwanza kutoka alikuwa Shengbao. Alikuwa na miaka minne, suruali imepasuka nyuma, kamasi mpaka mdomoni. Nikampa. Walipoona ameipata kweli wakamiminika. Niligawa saba, Kaka. Saba! Watoto ambao hawajawahi kuona barafu wakati wa jua. Mmoja alilia akidhani imemuunguza. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za ujana wangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilidhani nitawapa vidonge pale pale nimalize. Lakini mabibi walikataa. Mama za watoto wako mbali, kwenye majaruba ya bondeni, na kitu cha baridi hakiingii tumboni mwa mtoto bila mama yake kuwepo. Nikangoja. Unajua mabibi wa Gaopo, hata kamanda angengoja. Mama zao walirudi jua likizama. Nikatumbukiza kidole. Nilifika ishirini, nikafika thelathini. Vidonge vilikuwa vimelainika, vimegandana.

Ningerudi navyo. Ningesema hivi vimeharibika, tutaleta vingine. Lakini wilayani palikuwa na wagonjwa wa polio tayari, na vingine vingekuja lini? Nikajiambia vitafaa tu. Nikawapa.

Wakati wa mavuno Shengbao alipata homa. Homa iliondoka na mguu wake wa kushoto, ukapooza.

Mama yake aliniletea mayai kunishukuru kwa kumhangaikia. Niliyapokea. Miaka ishirini na moja sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Sasa tarehe mosi Septemba kijana huyu atakuja kwangu kuchukua ufunguo wa zahanati, na ananiita Shangazi. Nisipomwambia, sitaweza kumpa ufunguo ule nikimtazama usoni. Nikimwambia, huenda akaondoka, na nani mwingine mwenye cheti atakubali kuja kuishi Gaopo? Watoto watabaki na friji isiyo na mtu.

Wewe ndiye uliyenikabidhi chupa. Nishauri.

Yuelian


Mjini, 5 Agosti 1999

Dada Yuelian,

Kaa chini kabla hujasoma. Kosa si lako. Ni langu, na nimelificha muda wote huo.

Siku ile nilipata pancha kwenye mteremko wa machimbo ya mawe. Nilikaa juani zaidi ya saa mbili nikiziba, na gundi haishiki. Nilipofungua chupa lambalamba zote zilikuwa maji, na vidonge vinaelea. Nikaogopa. Nikamwaga maji, nikavipangusa kwa shati langu, na nilipofika darajani nikanunua lambalamba mpya kwa muuzaji aliyekuwa pale, nikajaza chupa kabla hujashuka. Ndiyo maana uliona baridi. Dawa ilishakufa kabla hujaigusa. Ungegawa lambalamba zote au usigawe hata moja, ingekuwa vile vile.

Mwambie kijana hivyo. Mwambie ni mzee mmoja anaitwa Shi, yuko mjini, anakohoa, akitaka kuja kumtukana aje, ghorofa ya saba. Wewe mpe ufunguo wake kwa moyo mweupe, ulale usingizi.

Samahani kwa kukuacha ubebe mzigo usio wako.

Zhengguang


Gaopo, 20 Agosti 1999

Kaka Zhengguang,

Nilisoma barua yako nikalia kwa furaha. Nilichinja na bata. Nilipokuwa namnyonyoa, mkono ukasimama wenyewe.

Wewe mwongo mkubwa!

Pancha gani? Siku ile hukuja na baiskeli. Baiskeli ya kituo chenu cha chanjo ilikuwa imevunjika mhimili wiki nzima, na wilaya imesema vidonge vitoke leo hii au vipelekwe tarafa nyingine. Ulitembea. Uliondoka kabla ya alfajiri ukiwa na chupa umeifunga ndani ya koti lako la pamba, kilomita ishirini na kitu, na ulifika darajani saa tatu asubuhi umelowa jasho. Viatu vya majani vilikuwa vimekatika njiani. Nani aliyekukalisha kwenye jiwe akakutoboa malengelenge kwa sindano? Saba mguu wa kulia, manne wa kushoto. Ulikuwa unapiga kelele kama mtoto, na wauza tofu wanakucheka.

Na muuzaji wa lambalamba wa darajani alizipata wapi? Darajani umeme ulifika mwaka 84. Tulishuka kijiji kizima kwenda kuangalia taa moja.

Nimekasirika, Kaka, na hasira yangu si kwa sababu umenidanganya. Nimekasirika kwa sababu umeichukua siku ile ukaitia matope. Miaka yote hii nikiwa na huzuni naikumbuka: wewe umekaa kwenye jiwe, mguu wako mapajani mwangu, mto unapita, na lambalamba ziko ngumu kama mawe kwa sababu mtu alitembea gizani ili zifike hivyo. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyonifanyia mtu. Halafu unaniandikia kwamba ulikaa juani unaziba pancha?

Sikuachii ubebe. Tarehe mosi nitamwambia Shengbao kama ilivyokuwa. Atakachoamua ni chake.

Bata nilimla peke yangu, alikuwa mgumu.

Yuelian


Mjini, 26 Agosti 1999

Yuelian,

Nilidhani umesahau malengelenge. Huizhen ananiuliza kwa nini mzee mzima analia na barua ya mwanamke wa milimani, nimemwambia ni pilipili.

Nimedanganya, ndiyo. Acha sasa nikuambie kweli, maana hata wewe umeificha. Katika barua zako zote hukuandika nilichokuambia pale kwenye jiwe. Nilikuambia, "Watoto wakikulilia wape, nimeweka za ziada." Hukuandika. Umenilinda miaka ishirini na moja, halafu unaniita mimi mwongo.

Hazikuwepo za ziada. Zilikuwa kumi na mbili, kama tulivyoagizwa, hata moja haikuzidi. Nilisema vile kwa kuringa tu. Ulikuwa umekunja uso kwa sababu ya miguu yangu, nikataka ucheke. Ukacheka. Basi ndiyo hesabu uliyoniuliza mwezi wa sita, na mimi nikakujibu ishirini.

Mimi kila mara niliishia darajani. Nilikukabidhi chupa, nikasimama kukutazama unapanda mpaka kofia ipotee kwenye mianzi, halafu nikageuza baiskeli. Nilitamani mara moja tu nikubebee kitu mpaka juu. Nilichelewa, nikabeba uongo.

Mwambie. Na jina langu litaje.

Jumatatu wananilaza hospitali kuangalia kifua. Usiogope.

Zhengguang


Gaopo, 16 Septemba 1999

Kaka yangu,

Barua yako ilifika siku moja kabla ya tarehe mosi. Nilikuwa na macho, Kaka. Nilifungua chupa pale darajani, niliziona ni kumi na mbili. Nilicheka kwa sababu nilitaka kucheka nawe, na nilizigawa kwa sababu nilitaka kuzigawa. Tuyaache hapo.

Shengbao alikuja tarehe mosi asubuhi na shati jipya, kalamu mfukoni. Nikamkalisha kwenye kibaraza, nikamwambia yote. Sikulia, niliapa sitalia ili asinionee huruma. Akanisikiliza akitazama mlima. Halafu akaanza kuniuliza kama daktari: saa ngapi ulifungua? Zilibaki ngapi? Vidonge viligandana au viliyeyuka? Nikajibu kila kitu. Nikakutaja na wewe.

Akasema, "Shangazi, huenda ni joto. Huenda kidonge kingekuwa kizima na bado nisingekingika, maana kimoja hakitoshi. Hakuna atakayejua, wewe wala mimi."

Nikasema, "Ninachojua ni kwamba nilikupa nikiwa nimefika thelathini."

Kisha akauliza, "Ilikuwa ya dengu za kijani?"

"Ndiyo."

"Nilikimbia nayo," akasema. "Kutoka kisimani mpaka nyumbani, nimwonyeshe bibi kabla haijayeyuka. Ilikuwa inanidondokea mkononi. Nakumbuka upepo. Shangazi, katika maisha yangu yote ndizo mbio pekee ninazozikumbuka. Nilikuwa nadhani niliota."

Akainuka, akachukua fimbo yake akaondoka. Ufunguo ulibaki mezani.

Siku nne sikumwona. Mama yake alipita mbele ya nyumba yangu mara mbili bila salamu, nami nikajua Shengbao amemwambia. Ilikuwa haki yake. Nilikaa nasikiliza friji inavyonguruma, nikawaza nani atakuja kuizima.

Siku ya tano nilikuta ufunguo haupo tena mezani, na mlango wa zahanati uko wazi. Shengbao alikuwa anabandika karatasi kwenye friji, kwa ule mwandiko wake mzuri: "Humu hakiwekwi chakula, bia, samaki, wala lambalamba. Asiyeweza kusoma aulize." Hakunitazama. Akasema tu, "Usidhani nimesamehe. Bado naangalia. Lakini watoto kumi na mmoja wa kitongoji cha juu wana zamu yao leo, na sijui njia."

"Nitakuonyesha," nikasema.

"Nimeambiwa ina kona nyingi?"

"Kama tumbo la nguruwe."

Karibu acheke. Akatoa vipande vya barafu kwenye friji, akavipanga ndani ya ile chupa ya ua jekundu, akaweka vidonge katikati, akafunga. Halafu akatoa chupa nyingine, mpya, ya kwake, na mfuko wa lambalamba alizoagiza kutoka duka la darajani asubuhi ile. Akazijaza humo. Nikamwuliza hizo za nini.

"Watoto wanakimbia wakimwona daktari, au wameacha? Hii ni ya dawa, ile ni ya watoto. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, na si kosa lako kwamba hukupewa chupa ya pili."

Tukaanza kupanda. Kwenye mianzi akawa nyuma, mguu unamvuta, jasho linamtiririka. Nikasimama kumngoja mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akakasirika. "Barafu hainingoji mimi, Shangazi!" Akavua begani ile chupa ya ua jekundu, akaishika muda kidogo, kisha akaninyooshea. "Wewe tangulia na ya dawa. Mimi nitakuja polepole na ya watoto."

Nilishindwa kuinyoosha mikono. Akanivalisha shingoni yeye mwenyewe, akakaza kamba.

Nilitangulia, Kaka. Nina miaka hamsini na nane na magoti yangu yanalia kama milango, lakini nilipanda kama siku zile, na nilijikuta nageuka kutazama chini, kama kuna mtu amesimama darajani. Sikuifungua njiani hata mara moja. Nilipofika juu mama wote walikuwa wanangoja, kwa sababu Shengbao alikuwa amewatumia salamu tangu jana yake wasiende shamba. Hilo nalo mimi sikulifikiria mwaka ule.

Ukitoka hospitali njoo Gaopo. Njia ya gari inafika darajani sasa, na kutoka hapo wanaume wanane wataweza kukubeba, wameshazoea.

Nilifungua chupa mbele yao wote, nikatumbukiza kidole, nikahesabu kwa sauti. Nilishindwa kwenye saba.

Yuelian